Kilo zilezile, mwili mwingine: Maveterani wapimwe nguvu na kiuno

KWENYE mabonanza ya maveterani kuna kauli ambayo haikosekani. Inatoka wakati jezi inavutwa kwa shida kupita tumboni: "Kilo zangu ni zilezile za enzi zile nakipiga." Wenzake wanacheka, mmoja anajibu kwamba basi jezi ndiyo imepungua, filimbi inalia, mpira unaanza.

Kauli hiyo inaweza kuwa kweli tupu. Na hapo ndipo penye tatizo.

Mchezaji aliyekuwa na kilo 75 akiwa na miaka 25, akipanda mizani akiwa na miaka 60 akakuta kilo 75, mizani haijamdanganya. Imempa jumla. Haijamwambia kilo hizo ni za nini na zimekaa wapi. Ni sawa na shabiki kuambiwa mechi ilikuwa na mabao manne, akaanza kushangilia bila kuuliza nani kafunga na nani kafungwa.

Chukua mfano wa winga wa kilo hizo 75. Enzi zake anaweza kuwa alibeba mafuta kilo 11 tu. Kilo 64 zilizobaki zilikuwa misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani. Miaka 35 baadaye, mafuta yakifika kilo 22, kilichobaki ni kilo 53. Mizani inasoma 75 ileile. Lakini kilo 11 za mwili uliokuwa unamkimbiza pembeni zimetoka, na kilo 11 za mafuta zimeingia kuchukua namba. Sabu hiyo imefanyika bila ubao kuinuliwa na bila kocha kujua.

Hii si habari ya mtu mmoja mzembe. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni kwamba baada ya miaka 30 mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nguvu nazo hushuka haraka kuliko misuli yenyewe inavyopungua. Na nyuzi za misuli zinazosinyaa zaidi ni zile za kasi, zile za hatua ya kwanza ya kumwacha beki. Ndiyo maana veterani mwenye akili ileile ya mpira anaiona pasi, anajua inakwenda wapi, ila mguu unafika imeshapita.

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hiyo jina lililotoka Kigiriki: sakopenia, yaani upungufu wa nyama ya mwili. Mwaka 2016 Marekani iliipa namba yake rasmi katika orodha ya magonjwa. Huku uwanjani bado inaitwa "uzee tu", na kwa kuwa inaitwa uzee tu, hakuna anayehangaika kuipima.

BMI si mwamuzi wa mwisho

Kipimo kinachojulikana na wengi ni BMI: uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ndicho wanachopewa watu na zile mashine za barabarani na stendi zinazoita wapita njia wapande wapimwe.

Asili ya hesabu hiyo ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtaalamu wa nyota na takwimu. Hakuwa daktari, na alichokuwa anakitafuta ni mtu wa wastani ndani ya kundi kubwa. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kupitia Ancel Keys wa Marekani, naye alikuwa anazungumzia tafiti za makundi ya watu. Kukitumia kipimo hicho kumhukumu mzee mmoja mmoja ni kukipa kazi ambayo hakikuandaliwa kuifanya.

Yule winga wa mfano, akiwa na urefu wa mita 1.75, anapata BMI ya 24.5 akiwa kijana na 24.5 hiyohiyo akiwa na miaka 60. Mara zote mbili anaambiwa yuko vizuri, maana kiwango cha kawaida kinaishia 24.9. Zile kilo 11 zilizobadilishana hazionekani popote.

Isitoshe, watu hupungua urefu wanapozeeka kwa sababu pingili za mgongo husogeleana na mgongo hupinda. Winga huyo akishuka hadi mita 1.72, BMI yake inapanda hadi 25.4 na kuitwa uzito uliozidi, wakati hajaongeza hata gramu moja. Kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kumsafisha mzee mwenye tatizo, na papo hapo kinaweza kumpa kadi mtu ambaye hakucheza rafu.

Koleo, umeme na DEXA

Wachezaji wengi wa zamani wanakumbuka kocha wa viungo akiwabana ngozi kwa koleo dogo la kupimia mafuta. Mwaka 1974 Durnin na Womersley, wakiwa Glasgow, walichapisha majedwali ya kukadiria mafuta ya mwili kwa kubana ngozi sehemu nne: mbele na nyuma ya mkono wa juu, chini ya bega na juu ya nyonga. Waliyapata kwa kuwapima watu 481 wa miaka 16 hadi 72. Kwa mchezaji kijana, koleo hilo likishikwa na mtu mzoefu linasaidia sana.

Kwa mzee kuna mawili yanayoharibu mchezo. Kwanza, ngozi imelegea, inabanika vibaya. Pili, mafuta yamehama. Umri unapokwenda, sehemu kubwa zaidi ya mafuta hukaa ndani ya tumbo, kuzunguka utumbo na ini, na koleo haliwezi kufika huko. Mzee mwenye mikono na miguu myembamba anaweza kupata alama nzuri kwenye koleo huku kitambi kikiwa kimejaa kwa ndani.

Halafu kuna mizani ya umeme, ile ya jimu inayotoa karatasi yenye asilimia za mafuta na misuli. Inapitisha mkondo mdogo wa umeme mwilini. Misuli ina maji mengi, umeme unapita kirahisi. Mafuta yana maji kidogo, umeme unapata upinzani. Kutokana na upinzani huo mashine inapiga hesabu na kukisia. Neno muhimu hapo ni kukisia, maana kinachopimwa kweli ni maji.

Ndiyo maana veterani akipanda mizani hiyo baada ya dakika 90 za jua na jasho, inaweza kumwambia ana mafuta mengi kuliko aliyonayo. Mzee aliyevimba miguu kwa tatizo la moyo au figo naye anaweza kuambiwa ana misuli mingi, kumbe ni maji yaliyotuama. Huyo anapongezwa kwa ugonjwa. Na aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kuipanda kabisa.

Mizani ya umeme ina faida yake ikitumiwa kwa nidhamu: mashine ileile, asubuhi, kabla ya kula, baada ya kutoka msalani na kabla ya mazoezi. Hapo namba ya mwezi huu inaweza kulinganishwa na ya miezi mitatu iliyopita. Kulinganisha karatasi ya jimu moja na ya jimu nyingine ni ubishi wa kijiweni.

Kipimo kinachotegemewa zaidi hospitalini na kwenye utafiti ni DEXA. Mtu analala kitandani dakika chache, mkono wa mashine unapita juu yake ukitumia mionzi ya eksirei ya nguvu mbili tofauti. Kiasi cha mionzi ni kidogo mno. Mashine inatenganisha mfupa, mafuta na nyama nyingine, kiungo kwa kiungo, mkono wa kulia peke yake na mguu wa kushoto peke yake.

Wataalamu wa Ulaya, katika vigezo vyao walivyovirekebisha 2018, wanachukua nyama ya mikono na miguu, wanaigawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, na kusema mwanaume asishuke chini ya 7.0 na mwanamke chini ya 5.5. Kwa mwanaume wa mita 1.75 hiyo ni kama kilo 21.4 za nyama ya mikono na miguu. CT scan na MRI zinaona zaidi ya hapo, hadi mafuta yaliyojipenyeza ndani ya msuli wenyewe, lakini hakuna wa kumpeleka veterani MRI kwa sababu tu amepitwa na winga kijana.

Kiti, futi na saa

DEXA si mashine ya kukutwa zahanati, na bonanza la mtaani halitaisubiri. Lakini wataalamu haohao wa Ulaya walifanya uamuzi ambao kila mwandaaji wa bonanza angepaswa kuusikia: waliitanguliza nguvu, ukubwa wa misuli ukafuata. Yaani kabla ya kuuliza mzee ana nyama kiasi gani, wanauliza nyama hiyo inafanya kazi gani. Na nguvu haihitaji mashine ya hospitali.

Kipimo cha kwanza ni kiti. Kiti cha kawaida kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mtu anakunja mikono kifuani, anasimama wima na kukaa mara tano mfululizo huku mwenzake akishika saa. Akizidisha sekunde 15, hiyo ni kadi ya njano. Mwenye goti bovu lililobaki na kumbukumbu za rafu za zamani anaweza kufeli kwa sababu ya goti na si misuli, hivyo aulizwe kwanza.

Cha pili ni mshiko. Kuna kifaa kidogo cha mkononi ambacho mtu anakibana kwa nguvu zake zote na kinasoma kilo. Kinabanwa kwa mikono yote miwili na kuchukuliwa alama ya juu. Chini ya kilo 27 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke ni dalili ya udhaifu. Wanaoshangaa mkono unahusiana vipi na mpira wa miguu wajue kwamba nguvu ya mshiko hutumika kama dirisha la kuchungulia nguvu ya mwili mzima, na hapo goti halina kisingizio.

Cha tatu ni mwendo. Mita nne za kutembea kwa mwendo wa kawaida. Anayetumia sekunde tano au zaidi yuko kwenye mita 0.8 kwa sekunde au chini ya hapo, na wataalamu wanakihesabu kiwango hicho kuwa dalili kwamba hali imefika pabaya.

Cha nne ni futi ya fundi cherehani. Inazungushwa kwenye kigimbi, sehemu iliyo nene zaidi. Wataalamu wa Asia, waliojitengenezea vigezo vyao 2014 na kuvirekebisha 2019, wanataka kigimbi cha mwanaume kisipungue sentimita 34 na cha mwanamke 33. Kisha futi inahamia kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetolewa. Kuanzia sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari inaanza kupanda. Kuanzia 102 na 88 imepanda sana. Asiyekumbuka namba hizo akumbuke moja: kiuno kisifike nusu ya urefu.

Na saizi ya suruali isitumike kama ushahidi. Wapo wenye miaka 20 wanavaa 34 ileile kwa sababu mkanda umehamia chini ya kitambi.

Kuna la kusema kuhusu namba hizi. Ni za kuazima. Za misuli zinatoka Ulaya na Asia, na hata za kiuno Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishauri nchi za Kusini mwa Sahara zitumie za Ulaya hadi zipate takwimu zao. Kwa hiyo zichukuliwe kama kadi ya njano, zisimtoe mtu nje. Kinachomhusu zaidi veterani ni namba yake mwenyewe. Aliyeinuka kwenye kiti kwa sekunde 9 mwaka jana na mwaka huu anatumia 13 bado hajavuka 15, ila ameshaanza kushuka daraja.

Wanaobisha na wanachosema

Wa kwanza atasema kitambi ni dalili ya maisha mazuri, mtu kastaafu, aachwe ale matunda ya jasho lake. Sawa, ale. Lakini suala hapa si umbo. Mzee anayepoteza misuli ya mapaja ndiye anayeshindwa kujizuia anapoteleza bafuni, na nyonga ikivunjika katika umri huo wengi hawarudi kwenye maisha waliyokuwa nayo. Heshima ya kitambi haimwinui mtu sakafuni.

Wa pili atasema umri ni namba tu, na ana ushahidi. Roger Milla alifunga Kombe la Dunia 1994 akiwa na miaka 42. Essam El Hadary alipangua penalti ya Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia 2018 akiwa na 45. Kazuyoshi Miura wa Japan, aliyezaliwa 1967, alisajiliwa na kuvaa jezi ya mashindano akiwa amevuka miaka 55. Mifano hiyo ni ya kweli, na inaunga mkono hoja ya kupima. Kama watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kiasi hicho, basi cheti cha kuzaliwa hakitoshi na mizani ya kilo haitoshi. Lazima mwili wenyewe uulizwe.

Wa tatu atasema akishaona kitambi anajua dawa: aache kula usiku, kilo zishuke. Huyu ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu ana nia njema. Mzee anayejinyima chakula bila mazoezi ya nguvu hupoteza mafuta pamoja na misuli, na misuli hiyo ni kazi kuirudisha. Mizani itasoma kilo tano pungufu, ukoo utampongeza, kumbe sehemu ya kilo hizo ni bao la kujifunga. Ushindi wa kweli ni kiuno kupungua huku kiti na mshiko vikibaki palepale au kupanda. Bila kupima hayo matatu, hakuna wa kujua kafunga nani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na yale ya kujenga balansi siku tatu. Wataalamu wa lishe ya wazee nao wanashauri protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ila mwenye ugonjwa wa figo amsikilize daktari wake kwanza. Hapo maharage, dagaa, samaki, mayai na maziwa vina namba kwenye kikosi. Chips na bia za baada ya mechi zinaanzia benchi.

Na mpira wenyewe ni dawa. Watafiti wa Denmark, akiwamo Peter Krustrup, waliwachukua wanaume wa miaka 65 hadi 75 wasiokuwa na mazoezi wakawaingiza kwenye mpira kwa mwaka mzima. Pumzi zao ziliongezeka na wakawa wepesi zaidi kuinuka kwenye kiti. England nako kuna mpira wa kutembea, ulioanzia Chesterfield mwaka 2011, ambako kukimbia ni rafu. Kwa hiyo mzee anayefeli kipimo asifukuzwe uwanjani. Apangiwe dakika zake, apelekwe kwa daktari, kisha arudi.

Waandaaji wana kazi

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Umri huo ndio wa watu wengi waliowahi kuujaza uwanja, na ndio wa wengi wanaoketi kwenye mabaraza ya wazee wa Jangwani na Msimbazi. Simba Day na Wiki ya Mwananchi zinawakusanya mahali pamoja kila mwaka. Meza moja ya vipimo pembeni ya shughuli hizo haiwezi kuharibu burudani.

Kwenye bonanza la kawaida, pale Leaders Club au uwanja wa shule wa mkoani, utaratibu ni mwepesi zaidi. Meza ya usajili iwe na daftari. Kila anayechukua jezi aandikwe kiuno, kigimbi, sekunde za kiti na mshiko kama kifaa kipo, pamoja na presha na sukari. Hizo mbili zisirukwe, maana mwenye mapaja ya chuma anaweza kuwa na presha ya kumwangusha, na vipimo vya misuli havimpi mtu kibali cha moyo wake. Miezi sita baadaye daftari lifunguliwe tena, kila mtu alinganishwe na yeye mwenyewe.

Na daftari hilo liwe siri. Likipigwa picha na kutupwa kwenye grupu la WhatsApp ili watu wachekane vitambi, bonanza lijalo hakuna atakayepima, na wa kwanza kukimbia atakuwa yule anayehitaji zaidi. Wakongwe wa soka la wanawake nao wawekwe kwenye meza hiyohiyo kwa namba zao, siyo wabaki wapiga makofi.

Fedha za jezi mpya, spika na nyama choma hupatikana kila mara. Hapa hata fedha nyingi hazihitajiki. Kiti kipo, saa iko kwenye kila simu na futi iko kwa fundi cherehani. Kinachokosekana ni nahodha wa kusimama na kuwaambia wenzake kwamba leo, kabla ya filimbi, watu wanapimana.